Bolti Nne za Kiti cha Shangazi

Leo nimeadhirika. Si kidogo. Mji wote wa Koboko ni shahidi, na wengine walikuwa na simu mkononi.

Wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana watu wa huku wakianza kutia chumvi, kesho mtaambiwa gari lilipaa.

Gari lenyewe ni lile aliloniachia baba, Mungu amrehemu. Pijo 504 nyeupe, ya zamani kuliko mimi. (Na mimi si mtoto.) Baba aliliendesha pale Arua mpaka macho yakamkataa, akaliegesha nyuma ya nyumba yetu Pajulu. Alipofariki mwaka jana, kuku wakahamia ndani. Injini haina neno. Fundi alitia betri mpya na matairi, likawaka siku hiyo hiyo. Tatizo lilikuwa sakafu. Kapeti ilikuwa imeoza, na harufu yake ilikuwa inafika kwa jirani kabla ya gari.

Sasa kuna Baba Mdogo Onzima, mdogo wake baba. Zamani aliendesha lori la jeshi, kwa hiyo kwake yeye hakuna binadamu mwingine anayejua gari. Alitaka liuzwe. Mnunuzi alikuwa amekwishampata: Papa Jeannot, mzee wa Kikongomani anayeuza vitenge na sabuni sokoni Koboko.

"Wewe iko mutu ya cherehani," Baba Mdogo aliniambia. "Gari si gauni. Wewe utafanya nayo nini?"

Lakini kwetu neno la mwisho si la Baba Mdogo. Ni la Shangazi Ayikoru, dada yao mkubwa, mjane anayeishi Koboko. Shangazi akipiga simu, hata baba alikuwa anasimama ili aongee naye. Wiki iliyopita akatupigia.

"Jumapili leteni hiyo gari hapa. Mimi nitapanda, nitaiona. Kama iko gari, mtoto anabaki nayo. Kama iko nyumba ya kuku, Jeannot abebe."

Nilikuwa na siku sita. Na hapo ndipo nikasema maneno ambayo leo yamenirudia. Fundi wa magari aliniambia nimletee aniwekee kapeti. Nikamjibu mbele ya watu: "Kapeti ni kitambaa tu. Mimi nashona mabibi harusi, nitashindwa na sakafu?"

Jumatatu nikafunga duka nikaanza. Nilitoa viti. Kila kiti kina bolti nne. Mbili zilitoka vizuri, nyingine nilizipigia magoti kama ninayeomba toba. Nikang'oa kapeti ya zamani. Chini yake nilikuta udongo, manyoya, kitana kimoja, na maganda ya karanga. Maganda mengi! Maisha yake yote baba alikuwa anatuapia kwamba hali karanga ndani ya gari, na sisi tukithubutu anatushusha. Nilikaa pale sakafuni nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikafagia.

Jumanne nikaenda kununua kapeti. Nilichagua nyekundu iliyoiva, nene, laini, ile ambayo ukikanyaga mguu unazama.

"Mama, hii iko ya sebule," muuzaji akaniambia.

"Najua ninachofanya," nikamwambia.

(Sikujua ninachofanya.)

Lakini kukata, nilikata. Hapo msininyang'anye sifa yangu. Nilitandaza kapeti ya zamani, nikaifuata kwa karatasi, nikatoa umbo kama ninavyotoa umbo la gauni. Katikati ya Pijo kuna nundu ndefu inayopita chini, kutoka mbele mpaka nyuma. Nikaibana kapeti pale juu ya nundu kama ninavyobana kiuno cha mtu, ikakaa bila mkunjo hata mmoja. Pembeni nikashona ukanda mweusi. Chini nikatandika tabaka mbili za blanketi zito ili gari lisipige kelele. Halafu gundi ya viatu, mikebe miwili. Siku hiyo niliongea na marehemu baba kwa sababu ya ile harufu, akanijibu.

Alhamisi ilikuwa imekauka. Nikasimama mlangoni nikaangalia. Jamani! Ilikuwa nzuri. Nilipiga picha kumi na tano. Nyinyi wenyewe mliniandikia humu kundini mkanisifu, mkaniita injinia.

Ndipo nikaleta viti ili nivirudishe. Nikapiga magoti, bolti mkononi, nikatafuta matundu.

Hakuna matundu.

Yaani yapo, lakini yako chini ya kapeti, chini ya blanketi, chini ya blanketi la pili. Nilikuwa nimeyafunika yote kwa gundi, kwa mikono yangu, huku naimba.

Nikachukua sindano ya magunia nikaanza kudunga. Upande wa dereva nilidunga asubuhi nzima nikayapata manne. Nikafunga kiti changu, kikakaa imara. Upande wa abiria nikadunga mpaka kapeti ikawa kama imetafunwa na panya. Sikupata hata moja. Nikakiweka kiti pale pale nilipofikiri kilikuwa. Nikakisukuma. Hakikusogea, kwa sababu kapeti ni nene na miguu yake imezama. Nikakikalia. Kikatulia.

Nikajiambia: Shangazi ni mwanamke mzito. Shangazi mwenyewe ni bolti ya kutosha.

(Hilo nimelikumbuka leo mara nyingi.)

Sikuwa mjinga kabisa. Zile bolti nne nilizifunga kwenye kipande cha kitambaa nikatia kwenye mkoba. Mpango wangu ulikuwa nikifika Koboko nimtafute fundi taratibu, pembeni, atoboe na kuzifunga kabla Shangazi hajapanda. Sikutaka fundi wa Arua ajue. Mnaelewa kwa nini.

Leo asubuhi Baba Mdogo akaja Pajulu, suti ya kijivu, fimbo. Nilikuwa nimetayarisha maneno kama atataka kukaa mbele. Hakutaka. Alifungua mlango wa nyuma akakaa kama waziri.

"Mukubwa nakaa nyuma," akasema. Akaitazama kapeti. Akaigusa kwa fimbo. Akaendelea kuipapasa kwa fimbo mpaka tulipotoka mjini. Kisha: "Imekaa."

Mimi na yule mzee hatujawahi kuwa na siku nzuri kama hiyo. Barabara ya lami, jua halijawa kali, Pijo inavuma kama ilivyokuwa ikivuma baba alipokuwa anatupeleka shule. Kwenye kiti cha mbele nilikuwa nimeweka kikapu cha maembe ya Shangazi. Mahali fulani ng'ombe akaingia barabarani, nikashika breki. Kikapu kikaenda mbele. Kiti nacho kikaenda mbele, kidogo.

Nilikiona. Nikatazama barabara.

"Nini hiyo?" Baba Mdogo akauliza.

"Maembe, Baba."

Kabla ya saa sita tukafika Koboko. Nikapita polepole mbele ya magereji, natafuta fundi. Yamefungwa! Jumapili! Nyie, kwa nini hakuna aliyenikumbusha kwamba leo ni Jumapili? Nilikuwa nimeijua hiyo Jumapili wiki nzima, lakini nilikuwa nimeijua kama siku ya Shangazi, si siku ya mafundi kulala.

Nikafikiri nimwambie Baba Mdogo ukweli. Nikamwangalia kwenye kioo. Alikuwa ameweka mikono miwili juu ya fimbo, anatabasamu dirishani, watu wamuone. Nikashindwa.

Shangazi anakaa karibu na kanisa, kwenye kimlima kinachopanda kwenda barabara kubwa. Na ibada ilikuwa imeisha muda huo huo. Akina mama wa kanisa, kama thelathini, wote wamevaa sare zao, wamesimama nje ya ua wake wanangoja kuona gari. Aliwaalika! Pembeni alisimama Papa Jeannot, mfupi, mpole, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi.

Nikafungua milango yote minne. Akina mama wakaingiza vichwa.

"Eee! Angalia hii kapeti!"

"Hii iko kama nyumba ya askofu!"

"Nani nashona hii?"

"Mtoto wa kaka yangu," Shangazi akasema, na akaongeza sauti ili wa nyuma nao wasikie. "Yeye peke yake. Bila fundi."

Papa Jeannot akainama, akapapasa ukanda mweusi niliokuwa nimeushona. "Mutu alifanya hii kazi na moyo," akasema. "Mama, hongera sana."

Kama dunia ingeisha dakika ile, ningeenda mbinguni nikiwa nimesifiwa.

Halafu Shangazi akavua viatu.

Nikamwambia, "Shangazi, usivue, ni gari tu."

"Siwezi kukanyaga hii na vumbi ya Koboko," akasema. Akavishika viatu mkononi, akaelekea mlango wa mbele.

Nikakimbia nikasimama kati yake na kiti. "Shangazi, nyuma ndiyo kuzuri. Nyuma kuna nafasi. Mtu mkubwa hukaa nyuma."

"Nyuma iko ya mizigo na Onzima," akasema. "Kaka yangu alikuwa ananiweka mbele. Toka."

Mngefanya nini? Semeni. Wanawake thelathini wananitazama. Baba Mdogo ananitazama. Mnunuzi ananitazama. Bolti ziko kwenye mkoba, mkoba uko begani, nazisikia zinagongana. Ningeweza kusema maneno matatu tu, "Shangazi, kiti hakijafungwa," na leo ningekuwa nimeaibika kidogo, aibu ya kawaida, ya kuisha kabla ya chakula.

Nikatoka njiani. Nikatoa kikapu cha maembe kitini, nikakitia kwenye buti.

Shangazi akakaa. Kiti kikazama, kikatulia. Nikapumua. Baba Mdogo akarudi mahali pake nyuma yangu, na Papa Jeannot akaombwa aingie naye ili asikie injini. Akakaa nyuma ya Shangazi, kofia juu ya mapaja.

"Twende," Shangazi akasema. "Mpaka sokoni, turudi. Polepole, watu wanione."

Nikawasha. Nikatia gia ya kwanza. Mbele kuna kile kimlima kidogo, kwa hiyo nikakanyaga mafuta kidogo zaidi. Hapo ndipo nikajua kwa nini muuzaji aliniambia kapeti ile ni ya sebule. Ile ncha ya pale mbele, chini ya pedali, gundi ilikuwa imeachia. Kapeti ikajikunja, ikainuka, ikaikumbatia pedali ya mafuta. Nikatoa mguu. Pedali ikabaki chini.

Pijo ikalia kama haijawahi kulia tangu enzi za baba. Ikaruka.

Na kiti cha Shangazi kikaenda nyuma.

Hakikuanguka haraka. Kingeanguka haraka ingekuwa afadhali. Kiliinama polepole, kama mtu anayeshawishiwa kulala. Kwanza nikaona magoti ya Shangazi yanapanda. Kisha nyayo zake mbili, hazina viatu, zikapita mbele ya kioo, zikaegemea paa la gari, zikakaa hapo. Kichwa chake kilitua juu ya mapaja ya Papa Jeannot, juu ya kofia.

Injini ikazidi kunguruma.

"Candiru," Shangazi akaniita.

"Naam, Shangazi."

"Mimi naona paa."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa nini mimi naona paa?"

 Tulikuwa tumefika barabara kubwa na gari lilikuwa halinisikii. Baba Mdogo akaanza kutoa amri za jeshi zote kwa pamoja: simama, geuka, rudi nyuma, ruka. Papa Jeannot alikuwa anarudia kitu kimoja tu kwa sauti ndogo: "Mama, pole. Mimi niko hapa chini. Mama, pole."

Nikazima kwa ufunguo. Pijo ikanyamaza lakini ikaendelea kwenda yenyewe. Ikavuka barabara, bodaboda wakakimbia na pikipiki zao huku na huku, ikapanda lundo la mchanga la mtu anayejenga. Ikasimama hapo, pua juu. (Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu, nasema tena, hakuna aliyeumia, hata embe halikupondeka.)

Kwa kuwa pua ilikuwa juu, Shangazi alizidi kulala.

Nikaruka nje na kanga yangu, nikamfunika miguu. Hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya leo. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja mbio, thelathini wote, wengine wanalia "Yesu!", wengine wameshaona kwamba ni mzima na wanajiuma midomo. Bodaboda wakafungua mlango wa nyuma. Shangazi hakutoka. Kiti kilikuwa kimejibana kati ya mlango na ile nundu, na mtu wa kukisukuma kutoka nyuma alikuwa ni Papa Jeannot, naye alikuwa amelaliwa.

"Vuta mama miguu," bodaboda mmoja akashauri.

"Jaribu," Shangazi akasema kutoka chini, "uone."

Hakujaribu.

Mwishowe wakamtoa Baba Mdogo kwanza, wakainua kiti kwa watu wanne, Shangazi akainuka pamoja nacho, ameketi wima, viatu bado mkononi, kama malkia anayebebwa. Hapo akina mama wakashindwa. Kicheko kilichotoka pale, nadhani hata ng'ambo ya mpaka, Kongo, walikisikia. Mama mmoja alikaa chini kwenye mchanga. Hata mzee wa kanisa, aliyekuja nyuma yao, aligeuka akashika ukuta.

Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa ameinama ndani ya gari, anatazama pale kiti kilipokuwa. Anapapasa kapeti. Hakuna tundu. Hakuna alama. Akainuka taratibu.

"Candiru. Bolti iko wapi?"

Kicheko kikakata. Watu wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema zimeanguka njiani. Niliwaza hivyo kabisa, siwafichi. Lakini Shangazi naye alikuwa ananitazama. Nikafungua mkoba. Nikatoa kile kitambaa, nikakifungua. Bolti nne, nimezisafisha na mafuta, zinang'aa.

"Ziko hapa, Baba."

"Kwenye mukoba?"

"Ndiyo, Baba."

"Kutoka Arua?"

"Kutoka Alhamisi."

Akazichukua moja moja, akazihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Ine. Baba Mdogo alipokuwa jeshini nadhani ndivyo walivyokuwa wanasoma mashtaka. Nilitamani mchanga ule ufunguke.

"Nilikwambia," akamgeukia Shangazi. "Gari si gauni. Jeannot achukue leo."

Papa Jeannot alikuwa ananyoosha kofia yake, ambayo sasa ilikuwa sahani.  Aliwaomba bodaboda kisu, spana na msumari mrefu, akapiga magoti pale mlangoni. Akapima kwa mkono kutoka kiti changu, akadunga, akasikiliza, akadunga tena. Baada ya muda mfupi akapata tundu la kwanza. "Mama alikuwa karibu," akaniambia kwa upole. "Vidole viwili tu." Huo upole ndio ulionimaliza. Nililia mbele ya watu wote, na pua, na kila kitu, huku namshikia bolti.

Alipomaliza kufunga, akakata ile ncha iliyokuwa chini ya pedali. Akakitikisa kiti. Gari lote likatikisika nacho.

Shangazi alikuwa ameletewa maji, amekaa kwenye kigoda kivulini. Alikunywa yote. Akavaa viatu. Watu wakangoja.

"Gari inabaki na mtoto," akasema.

"Dada!" Baba Mdogo akapiga fimbo chini. "Hii gari imekuangusha mbele ya watu wa kanisa! Uza!"

"Kwa nani?"

"Kwa Jeannot! Si yuko hapa?"

"Onzima, tumia akili," Shangazi akasema. "Mimi nimelala kwa mapaja ya huyu mwanaume, mchana, mbele ya kanisa. Sasa atoe pesa kwa familia yetu? Watu watasema ni nini? Watasema analipa mahari."

Wale akina mama! Safari hii hata Baba Mdogo aliangalia pembeni mabega yakimcheza. Papa Jeannot aliivaa ile kofia yake iliyobondeka, akasema kwamba yeye hajakataa chochote, halafu akaomba radhi haraka na kwenda kuwasaidia bodaboda kusukuma gari kutoka kwenye mchanga.

Kwa hiyo ninawaandikia nikiwa Koboko, uani kwa Shangazi, gari ni langu na macho yamevimba. Shangazi ameshapanda mara ya pili, mpaka sokoni na kurudi, polepole, watu wakamwona. Njiani alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, lakini alikuwa anawaitikia watu kwa kichwa. Tuliporudi akaniambia kitu kimoja tu: "Siku nyingine, sema." Nikasema ndiyo, Shangazi.

Basi, atakayebadilisha kapeti ya gari mwenyewe: toboa kwanza, gundi baadaye. Na kabla hamjaanza kunitumia vile vikatuni vya kucheka, mkumbuke kwamba nguo zenu za harusi ya Desemba bado ziko dukani kwangu, na hazijakatwa kiuno.